Maji ya Ndani ya Kopo

Katika nyumba nyingi za Mangobo, hapa Kisangani, kopo la matunda halikai jikoni. Linakaa salon, juu ya kabati, kati ya glasi za wageni na maua ya plastiki, na mtu akiingia analiona kabla hajaona kiti cha kukalia. Jikoni ni mahali pa chumvi, mafuta mekundu ya ngazi, yaani ya mchikichi, vitunguu, samaki wa moshi. Kopo la matunda ni kitu cha kutazama. Linaingia nyumbani na mgeni wa ubatizo, linatoka kwenda kwenye matanga ya mtu mwingine. Niliwahi kuliona kopo moja la pêches, matunda ya Ulaya, likizunguka nyumba zote za ukoo wetu mpaka likarudi kwa mama aliyelinunua, limebonyea ubavuni, naye akalipokea akashukuru, akalipandisha juu ya kabati lake tena. Majina ya wote waliolibeba ninayo kichwani, mmoja baada ya mwingine. Shule sikwenda sana, kwa hiyo kichwa ndicho kabati langu. Lakini hapa majina siyaandiki. Jina la mtu lina mwenyewe.

Na nanasi, kwetu, si kitu cha ajabu. Zinateremka kwenye malori ya barabara ya Bafwasende, zinamwagwa chini sokoni, mbuzi wanakula maganda. Hakuna anayempa mgeni nanasi mbichi akaonekana amefanya jambo. Ile ya kopo ni nyingine. Imepanda mto kutoka Kinshasa juu ya mizigo ya watu, ikanyeshewa, ikalala bandarini, na kabla ya Kinshasa nani ajuaye ilipita wapi. Safari ndiyo imeipa heshima, kama mtu aliyerudi kutoka Ulaya amekonda.

Siku hizi kwangu kopo limeshuka jikoni. Liko karibu na chumvi. Yale maji yake matamu ninakandia unga wa mikate, au ninayatia kwenye uji wa mchele mtu akiwa mgonjwa na hataki kula. Matunda yenyewe yanaingia kwenye kuku, mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari yamejitenga juu. Kopo lilishuka siku moja ya Jumapili, na habari yake ndiyo hii.

Lakini kwanza lazima niseme tulivyokuwa tunalila.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Yangambi, baba akifanya kazi kwenye mashamba ya watafiti. Mke wa mtafiti mmoja alikuwa anahama, akawagawia wake za wafanyakazi vitu vilivyobaki kwenye étagère, rafu yake ya vyakula. Mama yangu alipata makopo ya matunda. Alilifungua la kwanza kwa panga, akaliinamisha nyuma ya nyumba, akamwaga maji yote. Kwetu, kitu kilicholala ndani ya maji, maji yake ni ya kumwaga. Muhogo mchungu unalowa mpaka ulainike, sumu inabaki majini, na yale maji hata mbwa haachwi ayanywe. Mtoto wa kike anafundishwa hilo kabla hajafundishwa kuwasha moto. Kwa hiyo mama alimwaga, akayaosha matunda, akayaosha tena, akayachemsha na chumvi na pilipili kidogo. Tukala. Yalikuwa laini na hayakuwa na ladha yoyote.

Baba akasema, “Kumbe bazungu banakula chakula ya bagonjwa.”

Sote tukakubali kwamba ndivyo.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba. Pale alipomwaga, udongo haukuonekana tena kwa wingi wa sisimizi. Nikashangaa, kwa sababu maji ya muhogo hayaiti sisimizi. Nikamwambia mama.

“Unaona,” akasema, “ata badudu banaenda kufa pale.”

Hawakufa. Nilichuchumaa nikawaangalia mpaka nikaitwa kuchota maji.

Nilipoolewa niliingia kwa watu wa mto, ukoo wa mume wangu uliotoka Isangi, na wao walifanya vilevile: kufungua, kumwaga, kuosha, kuchemsha na chumvi, siku ya Noeli. Mwanamke mgeni hafundishi nyumba aliyoikuta. Habari za sisimizi nikakaa nazo.

Sasa, ukoo huo una siku yake inayoitwa siku ya kitunga. Mtoto wa kiume akioa, mke wake anapika kwenye moto wa mama mkwe kwanza. Hana mbabula yake, lile jiko la makaa, hana makaa yake, na mume wake anakula chungu cha mama yake kama alivyokula akiwa mdogo. Siku ikifika, shangazi wa mume anakuja na kitunga. Anatia ndani anachotaka. Bibi-arusi lazima apike vyote, kwa chakula kimoja, nao ukoo uvile vyote. Kisichopikwa kikibaki, au kikianguka chini, siku imeharibika, naye anarudi kwenye moto wa mama mkwe mpaka kitunga kingine, na kitunga kingine kinategemea shangazi atakapojisikia. Shangazi naye ana sheria yake: akishajaza kitunga, hawezi kutoa kitu. Mpishi haonji. Wengine hawatii mkono, kusaidia wala kula, mpaka chakula kimegawiwa. Na mama mkwe, yeye anakaa uani, mgongo kwa moto, haongei. Ili asisahau, anashika punje ya ngazi ndani ya shavu tangu kitunga kinapofika mpaka kaa la kwanza linapoingia kwenye mbabula mpya. Neno lake la kwanza baada ya hapo ukoo wote unalisikiliza, na bibi-arusi analichukua kama baraka yake. Mama mkwe wangu mimi aliniambia, “Zaa.” Nilizaa.

Mukamwana wangu, mke wa kijana wangu wa mwisho, ni mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kusini. Alikuja hapa kusoma droit, yaani sheria, akakutana na kijana wangu, akabaki. Si mtu wa maneno mengi. Alipika kwenye moto wangu bila kununa, alijifunza lituma, akaponda ndizi vizuri kuliko binti zangu. Lakini mama yake alikuwa ametuma habari kwamba atakuja kumwona shule zikifungwa. Mukamwana aliniambia jambo moja tu, tukichambua sombe, majani ya muhogo.

“Mama, sitaki mama yangu akute niko naomba moto. Nataka nimupikie ugali ku moto yangu.”

Nikamwambia, “Kitunga haiko yangu. Iko ya semeki.”

Semeki ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Ni mwanamke mrefu, aliuza samaki maisha yake yote, na mkono wake ukishika kitu unakijua uzito. Hakumchukia yule msichana. Aliona tu kwamba mtu aliyekaa shuleni miaka yote ile hawezi kuwa alikaa jikoni pia.

Jumapili ile alikuja kwa pikipiki, kitunga mapajani. Binti yangu wa kwanza alikipokea akakitua mbele ya jiko. Nikatia punje ya ngazi kwenye shavu, nikageuza kiti. Lakini niliweka kioo cha kijana wangu, kile cha kunyolea ndevu, kwenye ukingo wa ukuta, kama mtu aliyekisahau pale. Sheria inasema mgongo. Kioo haikukitaja.

Semeki alitoa kimoja kimoja. Ndizi. Sombe. Vitunguu. Samaki wa moshi. Jogoo aliyekuwa mzee hivi kwamba binti yangu aliuliza alibatizwa na nani.

“Na hii,” semeki akasema, akatoa kopo. “Juu bana-universitaire banapenda bitu ya ku duka.”

Lilikuwa kopo la nanasi. Karatasi yake ililiwa na mende, imebaki nusu ya picha, majani ya juu tu. Nililijua. Lilikaa juu ya kabati lake tangu komunyo ya mjukuu wake.

“Asante, tantine,” mukamwana akasema.

“Usiseme asante. Pika.”

Akapika. Jogoo alimweka motoni kwanza, na hapo nilituliza roho, kwa sababu mwenye haraka angeanza na ndizi. Alitwanga sombe. Jasho lilimtoka, hakulipangusa kwa mkono wenye pilipili. Binti yangu alikaa kwenye mkeka akimchokoza, kama inavyotakiwa.

“Weye, avocat. Jogoo hiyo ilishakubali makosa?”

“Bado inakana,” mukamwana akasema. “Niko naongeza moto.”

Hata semeki alitabasamu kidogo, akageuka ili tusimwone.

Ndizi zilipoiva akazitoa, akachukua kopo. Alilifungua kwa kisu akikigonga na jiwe, pole pole, kuzunguka. Kisha akafanya kitu ambacho kwetu hakuna aliyewahi kukifanya. Akachukua bakuli, akainamisha kopo juu yake, na maji yote akayaweka pale. Hakumwaga. Nanasi akaziweka kwenye sahani. Akabaki anaangalia bakuli.

“Hiyo maji ni ya nini?” semeki akauliza.

“Niko nafikiri, tantine.”

“Maji ya kopo haifikiriwe. Inamwangwa.”

“Kwetu kopo iko ya tomate na ya sardine tu. Hii siijue.”

“Donc usikilize wenye kuijua. Mwanga.”

Mukamwana hakusogea. “Nikiimwanga, haitakuwa kitu ya kitunga imeanguka chini?”

Binti yangu akapiga paja. “Eh. Tantine, mutoto huyu ulimushitaki ku tribunal gani?”

“Nyamaza,” semeki akamwambia. Na kwa mukamwana, “Ile haiko chakula. Iko jasho ya kopo. Kitu ikilala ndani ya maji, maji inakuwa na sumu. Mama yako hakukufundisha muhogo?”

“Alinifundisha.”

“Bon.”

“Njo maana naogopa kuipika,” mukamwana akasema. “Na naogopa kuimwanga. Tantine, sema tu mbele ya batu bote kama maji haiko ya kitunga. Nitaimwanga sasa hivi.”

Semeki alikuwa mtu wa haki, na aliona mahali alipofikishwa. Akisema maji si ya kitunga, ametoa kitu alichokwisha kukiweka, na hilo haliruhusiwi. Angekuwa yeye ndiye aliyeiharibu siku. Akisema ni ya kitunga, amewaamuru watu wa ukoo wanywe sumu. Na msichana naye alikuwa palepale. Akimwaga, kitunga hakikuisha, na mama yake atakuja kumkuta hana moto. Akipika, na mzee mmoja akaumwa tumbo usiku kwa sababu ya jogoo yule, watasema bibi-arusi alileta sumu nyumbani, na neno la namna hiyo likishasemwa kwetu haliondoki na mvua.

“Onja uone,” kijana wangu akasema kutoka mlangoni.

“Mupishi haonje,” wakamjibu wanawake wote pamoja.

Jogoo alianza kukauka. Katika kioo nilimwona mukamwana akimwongezea maji bila kuondoa macho kwenye bakuli.

Nilifikiri juu ya sisimizi wa Yangambi. Walikuwa wengi, na hakuna aliyekufa. Nilifikiri pia kwamba nilikuwa mtoto, na mtoto anaona anachotaka. Kisha nikafikiri sheria. Mama mkwe haongei. Mama mkwe hagusi moto wala chungu. Bakuli halikuwa motoni, na halikuwa chungu.

Nikainuka. Wakaniachia njia. Nikatoa punje ya ngazi shavuni, nikaishika mkononi ili waione, nikachukua bakuli nikanywa.

Yalikuwa mazito kuliko nilivyodhani. Yalianza na ladha ya chuma, halafu utamu ukaja mpaka kwenye meno ya nyuma, yale mawili niliyobaki nayo. Muuguzi wa kituo chetu amenikataza sukari, na ananiuliza kila nikienda. Siku ile hakuwepo. Nilikunywa yote bila kupumzika, nikapindua bakuli ili waone halidondoshi kitu, nikarudisha punje shavuni, nikakaa kwenye kiti changu, mgongo kwa moto.

Walikuwa wananingojea.

Semeki akaja mbele yangu. Akainama, akanivuta kope ya chini kwa kidole, akaangalia jicho kama anavyoangalia la samaki sokoni ajue kama ni wa leo.

“Mama,” binti yangu akasema, “unajisikia aje?”

Semeki alimpiga kofi mkononi. “Unataka aongee? Unamuuliza ili aongee?”

“Nimesahau, tantine.”

“Umesahau. Akiongea siku ya mutoto ya batu inaharibika, juu yako.”

Nilitafuna ulimi wangu. Niliona ameshasema mutoto ya batu, asubuhi alikuwa anasema huyu wenu.

Akarudi kwenye bakuli. Alilichukua akaliangalia ndani, akapitisha kidole chini pale palipobaki unyevu, akakilamba. Alisimama hivyo na kidole mdomoni, mwanamke mzee mrefu, kama mtoto aliyekutwa. Kisha akapitisha kidole tena.

“Na mama yetu alikuwa anamwanga hii,” akasema. “Kila Noeli. Ku nyuma ya choo.”

“Na sisi tulikuwa tunakula ile nyingine na chumvi,” binti yangu akasema.

“Na chumvi,” semeki akakubali.

Akakaa. Nilidhani yameisha, lakini alikuwa bado anahesabu sheria. “Huyu amemusaidia,” akasema, akinielekezea kidevu.

“Amekunywa tu, tantine. Kitunga si ya kulisha jamaa? Ama mama haiko jamaa?” binti yangu akasema.

“Amekunywa kabla ya kugawa.”

Hapo mukamwana, ambaye alikuwa ameinamia chungu akipanga vipande vya nanasi juu ya jogoo, alisema bila kugeuka, “Tantine, unaweza kuhesabu kama mimi njo nimegawa. Mukubwa wa nyumba nimemupa ya kwanza. Alipokea na mikono mbili.”

Ni kweli, nilikuwa nimeshika kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja unatetemeka.

Semeki alifikiri. Alisema, “Gawa basi na ingine, njaa inauma.”

Jogoo hakuwa laini. Hakuna moto wa Kisangani ambao ungemlainisha yule. Lakini nanasi ziliingia kwenye mafuta na pilipili, zikaiva pembeni, na watu walizitafuta kwa vidole chini ya nyama. Semeki alikula taratibu. Alipomaliza mfupa aliuweka, akaomba sahani ya katikati, akachagua kipande cha nanasi, akakirudisha, akachukua kikubwa zaidi. Kisha akanawa mikono, akavuta kitunga, akakipindua juu ya mkeka na kukigonga chini. Ganda la kitunguu lilianguka.

“Kitunga iko wazi,” akasema.

Ndivyo neno hilo linavyosemwa. Likishasemwa halirudi.

Kijana wangu alileta mbabula mpya kutoka chumbani, alikuwa ameinunua zamani na kuificha chini ya kitanda. Mukamwana aliiweka mbele ya mlango wake, ng'ambo ya ua, akaja kwangu na koleo. Nikamchagulia kaa zuri, la mti mgumu, lililowaka mpaka ndani. Alivuka nalo ua akitembea kama mtu aliyebeba yai. Likaingia kwenye mbabula. Akapuliza, akatia mkaa juu, likashika.

Wakageuka wote kuniangalia. Kijana wangu alizima simu. Semeki alifunga kitambaa cha kichwa vizuri, kwa sababu yeye ndiye angelibeba neno langu mpaka kwa wale wa Isangi.

Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitafuta tangu wiki iliyopita, lilikuwa refu, lilikuwa na mto ndani yake na watoto na uvumilivu. Nikatoa punje ya ngazi. Lakini ule utamu ulikuwa umekauka kooni, ulimi umeshikana na kaakaa, na tangu nilipokunywa nilikuwa sijapata kitu kingine ila jogoo na pilipili.

“Naomba maji,” nikasema.

Binti yangu aliinama akaficha uso kwenye kitenge. Semeki alicheka mpaka akashika nguzo. “Njo hiyo?” akasema. “Njo baraka? Nitabeba maji mpaka Isangi, kule bako na mto muzima?”

Mukamwana hakucheka. Alipita pembeni ya mtungi wangu, uliokuwa pale karibu na mguu wangu, akavuka ua mpaka mlangoni kwake. Alichota kwenye ndoo yake, kwa kikombe chake, akaja akapiga magoti akanipa kwa mikono miwili.

Nikanywa. Nikamrudishia kikombe, nikaomba kingine.